Dakika Kumi na Saba

Watu walipenda kumuuliza fundi saa swali moja, na walimuuliza popote walipomkuta: kwenye foleni ya mafuta ya taa, kwa kinyozi, hata msibani, wakati bado anatafuta pa kuacha viatu vyake. "Fundi, wewe umewatumikia wote wawili, Mfalme na Kiongozi. Hebu tuambie, nani afadhali?" Naye alikuwa na majibu yake ya mfukoni. Wakiwa wachache alisema kwamba Mfalme alimchapa bila kumjua jina na Kiongozi alimpa mkono na jina lake analijua. Wakiwa wengi alisema ngazi za mnara ni zile zile mia moja na kumi na nne, na magoti yake hayajaona mapinduzi yoyote. Watu wakicheka, yeye alikuwa ameshaondoka.

Maana alikuwa mtu asiyekalika mahali. Chai aliinywa amesimama. Akialikwa kwenye shughuli, alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na hata hapo alikalia upande mmoja tu. Mkewe alikuwa akisema ameolewa na kuku anayetafuta pa kutagia. Kazi ndiyo iliyomfanya vile: mtu aliyekaa miaka thelathini na mitatu akisikiliza sekunde moja moja zikipita juu ya kichwa chake hawezi tena kuamini kwamba kuna muda wa kutosha wa kukaa.

Kazi yenyewe aliirithi kwa baba yake. Mnara wa saa ulisimama kwenye uwanja mkuu, mbele ya jumba la Mfalme, na mji mzima uliishi kwa saa ile. Wenye saa za mkononi walikuwa wa kuhesabika. Wengine wote, makarani, walimu, wenye maduka, wenye kesi na wenye harusi, walinyanyua shingo wakatazama juu, basi. Saa ya mnara ikisema saa mbili, ilikuwa saa mbili, hata kama jua lilikuwa na maoni tofauti.

Na jua lilikuwa na maoni tofauti mara nyingi, kwa sababu ya sheria moja ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua: Mfalme hachelewi. Sasa, Mfalme alikuwa mtu wa kuchelewa kuliko binadamu yeyote aliyewahi kuvaa viatu. Alilala mpaka alipochoka kulala. Aliweza kuacha mabalozi wakisimama juani huku yeye akitafutiwa kifungo kilichoanguka chini ya kitanda. Kwa kuwa Mfalme hakuweza kubadilika na sheria haikuweza kubadilika, ikabidi saa ndiyo ibadilike. Afisa mmoja wa jumba, ambaye mji mzima ulimwita Itifaki, alikuwa akitokea roshanini na kupunga kitambaa cheupe, na huko juu fundi akainyoosha mikono na kuishika pendulamu, ule uzito unaobembea ndani ya saa, kwa viganja viwili. Aliishika hivyo mpaka Mfalme atokee. Kuifunga kwa kamba ilikuwa marufuku. Baba yake alimfundisha hivyo tangu siku ya kwanza: saa ya Mfalme haisimami, inashikwa, na aishikaye ni mtu, kwa heshima, mikono mitupu.

Baada ya hapo zilikuja siku za kurudisha. Fundi aliikaza nati ndogo iliyo chini ya pendulamu, akauinua ule uzito kidogo sana, saa ikawa inakwenda mbio kuliko kawaida. Dakika sita kwa siku, hakuna aliyeona. Siku ile Mfalme alipochelewa saa mbili na dakika arobaini kwa sababu ya kuwinda, mji uliishi nyuma ya jua karibu mwezi mzima. Watoto walikwenda shule jua likiwa utosini, na hakuna aliyeadhibiwa, kwa sababu mwalimu, mkaguzi na hakimu wote walikuwa wamechelewa pamoja na Mfalme. Watu walicheka chini chini, wakasema leo Mfalme amelala sana, wakaendelea na maisha yao.

Msinielewe vibaya, alikuwa mtu wa kutisha. Siku moja mikono ya fundi iliingiwa na ganzi, pendulamu ikamponyoka, kengele ikalia mara tatu huku Mfalme yuko ngazini na kiatu kimoja. Fundi alikula viboko kumi, akahesabu mwenyewe kwa sauti, kama ilivyotakiwa. Kesho yake akaletewa blanketi zuri la sufu, eti Mfalme amesikitika. Hakujua ajifunike au alikimbie. Mara nyingine mama mmoja muuza vyungu alilala chali mbele ya gari la Mfalme, akimlilia mwanawe aliyekuwa gerezani. Mfalme siku hiyo alikuwa ameamka vizuri, akamwachia kijana, akawaachia na wafungwa wengine wote wa gereza lile, wezi na wasio wezi. Wiki iliyofuata mama mwingine akalala barabarani vile vile. Mfalme alikuwa anaumwa jino, na mama yule hakuonekana tena. Ukitaka kujua leo sheria inasema nini, ilibidi kwanza uulize amelalaje.

Kwa hiyo Mfalme alipoondolewa, fundi hakutoa hata chozi la adabu.

Chozi lilimtoka wiki moja baadaye, Kiongozi aliposimama uwanjani kwa mara ya kwanza, na shati lake la kaki, na sauti ile iliyowafanya watu wasimame juu ya vidole vya miguu. "Mfalme aliishika saa ya nchi hii," alisema. "Alitufanya wote tumsubiri. Kuanzia leo, ndugu zangu, saa haishikwi tena kwa ajili ya mtu yeyote!" Wakamwita fundi ashuke. Wakampandisha jukwaani, na Kiongozi akaushika mkono wake, akaunyanyua juu watu wauone. "Tazameni mkono huu. Huu ndio uliofanywa mtumwa." Kisha, kwa sauti ya chini, bila kipaza sauti, akamuuliza kama magoti yanauma kwa ngazi zile. Hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza habari za magoti. Fundi alilia kama mtoto mbele ya mji mzima, na mpaka leo haoni aibu.

Na si maneno matupu. Shule zilifunguliwa hata za jioni. Zahanati ikaja mtaani, na dawa ndani yake. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye kwa Mfalme angekuwa mfuaji wa nguo za watu, alisoma, akapata kazi ya mashine kwenye kiwanda cha nguo, akawa anasoma gazeti kwa sauti jioni, akimrekebisha baba yake matamshi. Aliolewa na kijana aliyekuwa akijenga reli huko mbali, akazaa mtoto wa kike, akaendelea kuishi kwa wazazi wake. Aliamini mapinduzi kwa moyo wote. Akimsikia mtu analalamika foleni, alimgeukia: "Wakati wa Mfalme ulikuwa na foleni ya nini? Ulikuwa na cha kupangia foleni?" Baba yake alikuwa akimsikiliza na kujaa kifua.

Kiwandani palikuwa na kitu kipya, saa ya kadi. Ilikuwa ukutani getini, ikifuata milio ya redio ya kutangaza saa, na kila anayeingia alipitisha kadi yake ikagongwa. Ukichelewa zaidi ya dakika kumi ulipata alama. Alama tatu kwa mwaka, unapelekwa shamba la mafunzo miezi sita. Sheria iliandikwa kwa herufi kubwa, ikabandikwa getini, mkurugenzi na mfagiaji wote waliisoma ile ile. Fundi aliipenda sheria hiyo. Ilikuwa sheria isiyoumwa jino.

Binti alikuwa na alama mbili. Ya kwanza mtoto aliugua, ya pili foleni ya mafuta ya taa. Mwaka ulikuwa umebakiwa na wiki tano, na tangu alama ya pili baba yake hakuwa na raha. Kila siku ya zamu ya mchana, iliyoanza saa nane kamili, alikuwa anachungulia kwenye tundu la mnara mpaka amwone binti yake anavuka uwanja kuelekea kiwandani. Akimwona, ndipo anashusha pumzi.

Ikafika sikukuu ya mwaka wa nane wa mapinduzi. Kiongozi angehutubia saa tatu kamili asubuhi. Ilitangazwa wiki nzima: saa tatu, si saa tatu na nusu, maana huyu si Mfalme. Uwanja ulijaa tangu alfajiri. Fundi alikuwa juu, ametia saa ufunguo, amepaka mafuta, anazungukazunguka. Zimebaki dakika tano, akasikia mtu anapanda ngazi kwa kuhema. Alikuwa Itifaki.

Ndiyo, Itifaki yule yule. Mtu wa namna hiyo haondoki na serikali, anabadilisha koti. Siku hizi alivaa kaki, na kitambi chake kilikuwa kimejifunza kukaa ndani ya kaki vizuri tu.

"Fundi, shika."

"Nishike nini?"

"Usinifanye mtoto. Shika."

"Ndugu Itifaki, haishikwi tena. Alisema mwenyewe. Mimi nilikuwepo, mkono wangu ulikuwa hewani."

"Ndiyo maana unashika." Itifaki alijifuta jasho shingoni. "Angekuwa hakusema, ningekuacha. Sasa alisema. Hii kengele ikilia na yeye hayupo, watu elfu hamsini watasikia nini? Shika, baba, dakika zinakwenda."

Mikono ya fundi ilikwenda yenyewe. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote: hakuikumbusha kitu, ilijua. Akaishika pendulamu, mnara ukanyamaza, na huko chini vipaza sauti vikaanzisha wimbo, ukaisha, ukaanza mwingine. Kwa Mfalme, saa ikishikwa, watu waliguna na kutaniana. Safari hii aliposikiliza hakusikia hata mguno. Watu elfu hamsini walikuwa wanaimba huku wakitazama mshale usioenda. Yeye alihesabu moyoni kama alivyofundishwa, na alipofika dakika kumi na saba msafara ukaingia. Akaiachia. Kengele ikalia mara tatu.

"Ndugu zangu," Kiongozi alisema, "ni saa tatu kamili!" Makofi yaliutikisa mnara.

Fundi alikuwa tayari anainama kwenye nati. Itifaki akamshika bega. "Hapana. Hakuna kugusa mchana huu. Kuna wapiga picha wamejaa, mshale ukiruka watauona. Jioni watu wakitawanyika utarudisha zote kwa mkupuo." Akamwita askari kutoka ngazini. "Huyu atakaa na wewe."

"Ndugu Itifaki, watu wana kazi. Zamani tuliporudisha polepole..."

"Zamani mji wote ulichelewa pamoja na Mfalme. Sasa kuna redio." Itifaki alishuka.

Alisema vile kwa haraka tu, kama mtu anayefunga mazungumzo, lakini fundi alibaki palepale kinywa wazi. Kuna redio. Kiwandani kuna saa ya kadi, na saa ya kadi inafuata redio. Sherehe ilikuwa asubuhi tu. Zamu ya mchana ilikuwa palepale, mapinduzi hayapumziki. Binti yake angetoka nyumbani kwa saa ya mnara, kama siku zote, na angefika getini akiwa amechelewa dakika kumi na saba.

Basi mchana ule ulikuwa mrefu. Fundi alizunguka chumba kile cha hatua sita kwa sita mpaka askari akamwambia, "Mzee, utatoboa sakafu." Akajifanya anapaka mafuta, akauegemea mshale wa dakika kwa kiwiko, akausogeza mbele dakika mbili. Akasubiri. Akachukua tena kopo la mafuta, akapata nyingine mbili. Zilibaki kumi na tatu. Alihitaji tatu tu zaidi, zishuke ziwe kumi, binti asipate alama. Dakika tatu! Akanyoosha mkono.

"Mbona huo mshale umeruka?" askari akauliza.

"Ni upepo."

"Upepo wa wapi, humu ndani?" Bunduki ilishuka begani, ikakaa magotini. "Kaa chini, mzee. Pale. Mikono niione."

Akakaa. Kutoka pale alipokaa aliona kipande cha uwanja kupitia tundu, na katika kipande hicho, saa ya mnara ikisema saa nane kasoro dakika kumi, akamwona binti yake. Alikuwa anatembea, hakukimbia. Alikuwa na muda, ndivyo alivyojua. Hata alisimama katikati ya uwanja, akakifungua kilemba chake, akakifunga upya vizuri. Fundi aliruka akaushika ukingo wa tundu akapiga kelele: "Kimbia! Mwanangu, kimbia!" Vipaza sauti vilikuwa vinaimba. Alipiga kelele mpaka askari alipomvuta kwa ukosi, na binti akamaliza kufunga kilemba, akapita zake.

Waliochelewa siku hiyo walikuwa watu mia mbili na kumi na wawili, karibu zamu nzima. Ungedhani mtu angejiuliza. Kamati ya kiwanda haikujiuliza. Ilisema ni uvivu wa baada ya sherehe. Wenye alama ya kwanza waliandikiwa ya kwanza, wenye ya pili ya pili. Waliofikisha ya tatu walikuwa kumi na mmoja, na kikao cha kuwasikiliza kikapangwa baada ya siku tatu.

Nyumbani fundi alimweleza mkewe yote, akizunguka meza. Mkewe alikuwa ameshika tama. "Kwa yule Mfalme," alisema, "ningelala barabarani mbele ya gari lake. Labda angeniua, labda angenipa mtoto wangu na blanketi juu. Kwa huyu nitalala barabara ipi? Gari lake halipiti njia moja mara mbili."

"Nitasema. Nitasimama kwenye kikao niseme."

"Utasema nini? Kwamba yeye alichelewa?"

Asubuhi akaenda ofisini kwa Itifaki, akasimama mbele ya meza, akakataa kiti.

"Nipe hata karatasi ndogo," alisema. "Kwamba saa ya mnara siku ile ilikuwa na hitilafu. Basi. Jina la mtu lisitajwe."

"Hitilafu? Saa iliyopigwa picha na magazeti manane ikionyesha saa tatu kamili?"

"Wewe uliniambia shika."

"Mimi? Siku ile nilikuwa jukwaani toka asubuhi, picha ipo." Kisha Itifaki akainuka akafunga mlango, na sura yake ikalegea, ikawa sura ya mtu aliyefahamiana naye miaka thelathini. "Sikiliza, ndugu yangu, nakutakia mema. Ukisema uliishika kwa hiari yako, wewe ni mhujumu. Ukisema uliamriwa, wewe ni mhujumu na mwongo. Kwa Mfalme ulichapwa, ukapakwa mafuta mgongoni, kesho yake ukarudi kazini, na yeye ameshasahau. Hawa hawachapi mtu. Wana faili." Akaufungua mlango tena. "Miezi sita si milele. Muache mtoto aende."

Fundi alirudi nyumbani akipita njia ya mbali. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijaribu kulijibu lile swali la watu kwa dhati, na kila alipojaribu kuwaweka wale wawili kwenye mizani mmoja wao alikuwa anamtazama kwa upole na kumuuliza habari za magoti. Kumchukia Mfalme kulikuwa rahisi, hata kulitia nguvu. Huyu wa pili, fundi alikuwa amempenda. Alikuwa bado anampenda, na hilo lilimtia hasira mpaka akalipiga teke kopo la watu barabarani.

Kikao kilifanyika kwenye bwalo la kiwanda. Meza zilisogezwa ukutani, zamu nzima ilikaa kwenye mabenchi, na mbele alikaa mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo, mshonaji hodari, ambaye siku ile naye aligonga kadi saa nane na dakika kumi na nne. Wale kumi na mmoja walisimama mstari mmoja. Binti wa fundi alikuwa wa nne. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, fundi alikuwa tayari wima, maana hakuwa amekaa.

"Saa ilishikwa," alisema. "Niliishika mimi, kwa mikono hii, asubuhi ya sikukuu. Dakika kumi na saba. Nikarudisha nne, kumi na tatu sikuweza. Hawa hawakuchelewa. Walifika kwa saa waliyoiona. Kiongozi ndiye aliyechelewa."

Mwanamume mmoja wa benchi la mbele aliinama kufunga kamba za viatu vyake, na viatu vyake havikuwa na kamba. Mwenyekiti aligeuka rangi. Alitazama karatasi zake, akatazama watu.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kuuliza, "wengi wetu tulikuwa uwanjani. Nani aliiona saa imesimama?"

Fundi aliwageukia. Aliwajua karibu wote. Wengine aliwaona wakizaliwa. Alipita macho kwa macho, benchi kwa benchi, akisubiri mkono mmoja, na mikono ilikaa mapajani. Mwandishi wa kikao alikuwa ameanza kuandika jina la fundi kwenye karatasi nyingine, mpya.

"Mimi nina neno," binti alisema.

Alitoka kwenye mstari hatua moja. Hakumtazama baba yake. "Mnamjua mzee wangu. Amekaa peke yake kule juu miaka mingi. Tangu Mfalme aondoke anachanganya siku, anaona ya zamani kama ya jana. Nyumbani tumezoea. Saa haikusimama. Kiongozi alifika saa tatu kamili, nilikuwepo, nilipiga makofi. Mimi nilichelewa kwa uzembe wangu, na ninajikosoa mbele yenu. Naomba mzee apelekwe nyumbani akapumzike."

Mtu mmoja akapiga makofi. Kisha bwalo zima likapiga, kwa nguvu, kwa muda mrefu, kama watu walioachiwa shingo. Mwandishi aliichana ile karatasi mpya. Mwenyekiti alimwita fundi "baba" na kumwambia watu wawili watamsindikiza. Itifaki hakukawia: kabla ya jioni ilifika barua kwamba fundi amestaafishwa kwa heshima kwa sababu za afya, na asante.

Lori la shamba lilikuja asubuhi ya pili. Mkewe alibaki nyumbani na mtoto, kwa ombi la binti mwenyewe. Fundi alisimama chini, kando ya lori, binti akakaa juu kwenye kingo, miguu inaning'inia, na baba akawa anaiweka sawa mizigo ambayo ilikuwa sawa.

"Uliiona?" aliuliza mwishowe.

"Niliiona, baba. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Tuliimba nyimbo nne zaidi." Alitabasamu kidogo. "Nikajua umeshika. Mchana nikasema, baba yangu atakuwa amesharudisha, hawezi kuwaachia watu saa ya uongo. Ndiyo maana sikukimbia."

Lile lilimkata maini. Alitaka kumweleza habari ya askari na kiwiko na dakika nne, lakini injini ilikuwa imewashwa. "Basi kwa nini uliniita mwehu mbele ya watu?"

"Kwa sababu mimi wameniandikia miezi sita. Wewe wasingekuandikia muda." Akainama, akakaribia. "Baba, mtoto anaanza kubwabwaja. Mwambie mama asimwache amwite mama. Amfundishe kusema bibi. Mimi ndiye mama."

"Nitamwambia."

Alimwambia. Na mkewe alifanya hivyo kwa bidii, asubuhi na jioni, akimkalisha mtoto magotini na kujigonga kifua: bibi, sema bibi. Ilikuwa mwezi wa tatu tangu lori liondoke, mchana, uji unapoa mezani na fundi amesimama dirishani kama kawaida yake. Mtoto alimshika bibi yake shavu, akamtazama vizuri, akasema: "Mama."

Mke wa fundi alimgeukia mumewe. Fundi alivuta kiti akakaa, na hakuna kati yao aliyemsahihisha mtoto.